Njia ya umeme ijengwe wapi, ikiwa mitambo si ya anayepanga?

SWALI: Mimi ni mhandisi wa mifumo ya umeme, nipo Dodoma, mwaka wa tatu kazini. Kwetu mpango kabambe wa umeme unaandikwa na mkono mmoja: mtambo unajulikana, na njia yake inachorwa pamoja nao. Nasikia gridi za Afrika Mashariki zinaelekea kwenye soko la pamoja, na nchi nyingine wazalishaji hushindana na kujenga wanapotaka. Katika hali hiyo, anayepanga njia kuu anajuaje ipi ijengwe, lini, na nani alipe? Naomba mfano wa kweli na hesabu, si nadharia tupu.

JIBU: Mhandisi, tofauti inaanzia kwenye orodha ya mitambo. Bwawa la Julius Nyerere lilikuja na mitambo 9 ya MW 235, na njia ya kV 400 kwenda Chalinze ilichorwa kwa ajili ya hizo MW 2,115. Ukishajua mtambo uko wapi na utawashwa lini, swali la njia linabaki la uhandisi na bei. Sokoni hujui. Mwenye mtambo haanzii kwa mpangaji. Anaangalia bei ya umeme, ardhi, upepo, bomba la gesi, na njia iliyopo karibu. Tena njia utakayojenga wewe ndiyo itakayomfanya aje au asije. Uamuzi wako unabadilisha kile unachokitabiri, na karibu kila hatua nitakayoeleza ni jitihada ya kuishi na jambo hilo.

Mfano nitakaoutumia ni Texas, Marekani. Gridi yake, inayoendeshwa na ERCOT, iko karibu peke yake, kwa hiyo sababu na matokeo huonekana bila kuchanganywa na majirani. Sheria ya 1999 ilitenganisha uzalishaji, usafirishaji na uuzaji, na ushindani wa rejareja ukaanza Januari 2002. Kampuni za njia zilibaki chini ya mdhibiti, Tume ya Huduma za Umma ya Texas (PUCT), na gharama zao hurudishwa kwa tozo. Wazalishaji wakaachwa washindane.

Upepo mzuri uko magharibi na kaskazini, sehemu iitwayo Panhandle. Watumiaji wako Dallas, Houston, Austin na San Antonio. Shamba la upepo lilijengwa kwa mwaka mmoja au miwili; njia ya kV 345 ilihitaji kama mitano. Benki haikopeshi mwenye upepo asiye na njia, na mdhibiti hakuwa na sababu ya kuidhinisha njia isiyo na mtambo. Waliowahi kujenga magharibi wakawa wanaamriwa kupunguza uzalishaji: mwaka 2009, takriban asilimia 17 ya umeme wa upepo uliowezekana kuzalishwa ulitupwa kwa kukosa pa kupita.

Bunge la jimbo lilikata fundo hilo mwaka 2005 kwa kuiagiza tume itaje maeneo maalumu ya nishati jadidifu, yanayojulikana kwa kifupi CREZ, na kuamuru njia zijengwe kabla mitambo haijafika. Yalitajwa maeneo matano. ERCOT ikachora mipango minne, kuanzia MW 12,053 za upepo hadi karibu MW 25,000. Mwaka 2008 tume ikachagua wa MW 18,456, makadirio dola bilioni 4.93. Kufikia mwanzoni mwa 2014 zilikuwa zimekamilika kama kilomita 5,800 za saketi za kV 345. Umeme wa upepo uliotupwa ulishuka hadi takriban asilimia 0.5 mwaka 2014. Gharama nayo ilipanda, ikafika karibu dola bilioni 7.

Hilo la gharama usilipite haraka. Makadirio ya awali yalipima umbali kwa mstari ulionyooka kutoka kituo hadi kituo, lakini njia halisi hufuata mipaka ya mashamba, barabara na mikuza (vipande vya ardhi vilivyotengwa kwa ajili ya njia) iliyopo, na kila mwenye ardhi ana haki ya kusikilizwa. Ukipanga kwa ramani ya mezani, zidisha umbali kwa 1.2 hadi 1.3 kabla hujaingiza bei ya kilomita. Ukikuta njia yako bado ina faida, endelea.

Sasa kigezo cha fedha, maana ndipo wengi hupotea. Chukua maeneo mawili. Eneo A lina uzalishaji wa MW 1,800 kwa dola 20 kila MWh, na mahitaji yake ni MW 300. Eneo B ni jiji lenye mahitaji ya MW 1,000, na mitambo yake ya mafuta na gesi hutoa umeme kwa dola 70. Njia kati yao inabeba MW 600. Saa ya msongamano, yaani njia ikiwa imejaa, B inapokea MW 600 kutoka A na kuwasha MW 400 zake. Bei ya A ni dola 20 na ya B ni dola 70, kwa sababu kila MWh ya nyongeza inayotakiwa B lazima itoke kwenye mtambo wa dola 70.

Ongeza uwezo wa MW 400. Sasa MW 1,000 zote za B zinatoka A. Gharama halisi iliyookolewa ni 400 mara 50, yaani dola 20,000 kwa saa. Watumiaji wa B, ambao walikuwa wanalipa 1,000 mara 70, yaani 70,000, sasa wanalipa 20,000, kwa hiyo wao wameokoa 50,000. Zile 30,000 za zaidi zimetoka wapi? Ni mapato ya msongamano: MW 600 zilinunuliwa A kwa dola 20 na kuuzwa B kwa dola 70, na tofauti ilikuwa ikienda kwa mwendeshaji wa soko au kwa wanaoshika haki za fedha za njia hiyo. Fedha hizo zimehama mfuko tu. Ukiandika 50,000 kuwa faida ya njia kwa nchi, umehesabu hamisho kama mali mpya, na mdhibiti makini atairudisha ripoti yako siku hiyohiyo.

Texas kwa miaka mingi ilitumia kipimo hicho cha kwanza: akiba ya gharama za uzalishaji ikilinganishwa na mapato ambayo mwenye njia atahitaji mwaka wa kwanza. Sheria ya 2021 ilirudisha pia kipimo cha nafuu kwa watumiaji. Kwa maoni yangu cha pili kinafaa kuonyesha nani anafaidika na nani anaumia, ila hakifai kuamua peke yake, kwa sababu kitapitisha njia ambazo kazi yake kubwa ni kuhamisha fedha kutoka kwa mzalishaji kwenda kwa mlaji.

Endelea na mfano. Tuseme njia na vituo vyake vya kupoza umeme ni dola milioni 300. Kwa riba ya asilimia 8 na miaka 40, kigawo cha kurejesha mtaji (sehemu ya mtaji inayolipwa kila mwaka pamoja na riba) ni 0.0839, kwa hiyo mtaji ni milioni 25.2 kwa mwaka. Weka asilimia 2 ya uendeshaji na matengenezo, milioni 6, jumla 31.2. Lakini mapato ya mwaka wa kwanza hayahesabiwi hivyo. Ni asilimia 8 ya thamani yote, uchakavu wa asilimia 2.5, na uendeshaji asilimia 2: milioni 37.5. Gawanya kila jumla kwa dola 20,000 za kila saa. Kwa kipimo cha wastani, kile cha milioni 31.2, njia inajilipa ikiwa na saa 1,560 za msongamano kwa mwaka. Kwa kipimo cha mwaka wa kwanza inahitaji 1,875. Njia yenye saa 1,700 inapita kipimo kimoja na kushindwa kingine. Kabla hujabishana na mtu kuhusu matokeo, muulize ametumia kipi.

Mfano huohuo unaonyesha kwa nini hutakiwi kuliachia soko kazi ya kujenga njia. Mwekezaji binafsi anayelipwa kwa tofauti ya bei kati ya A na B, akijenga MW 400, tofauti inakuwa sifuri na hapati kitu. Akijenga MW 300, mitambo ya B bado inawaka kidogo, tofauti inabaki dola 50, naye anapata dola 15,000 kwa saa. Kwa hiyo atajenga pungufu ya kinachotakiwa, au hatajenga. Australia ilijaribu njia za kibiashara za aina hiyo, Murraylink na Directlink. Ya kwanza iligeuzwa kuwa ya kudhibitiwa mwaka 2003, ya pili 2006.

Kuna faida ambazo hesabu ya gharama za uzalishaji haizioni. Mojawapo ni ushindani wenyewe. Eneo B likiwa na wazalishaji wawili tu, saa ya msongamano wanaweza kuuza kwa 150 kile kinachowagharimu 70. California iliyaona haya katika mgogoro wa 2000 na 2001, pale njia ya kati iitwayo Path 15 ilipokuwa imebana umeme kutoka kusini kwenda kaskazini. Desemba 2004 iliongezwa uwezo kutoka MW 3,900 hadi 5,400. Mwendeshaji wa soko la huko akatengeneza utaratibu wa kutathmini njia unaoingiza bei za ujanja za wauzaji, badala ya kudhani kila mtu anauza kwa gharama yake. Kama soko lenu litakuwa na wauzaji wachache, na la Afrika Mashariki litakuwa hivyo, hesabu hiyo msiiache.

Njoo kwenye kutokuwa na uhakika. Kosa la kwanza la mtu aliyezoea mpango wa mkono mmoja ni kuchukua makadirio ya katikati, kuongeza na kupunguza asilimia 10 ya mahitaji, na kuziita hizo senario tatu. Hizo ni senario moja iliyonyooshwa. Kinachobomoa mpango wa njia ni mahali: mitambo inakuja A au B, kiwanda kikubwa kinafunguliwa wapi, mtambo upi mkongwe unafungwa, bei ya gesi inaelekea wapi.

Tuseme una chaguo tatu: kutojenga, kujenga njia kamili ya saketi mbili kwa milioni 31 kwa mwaka, au kusimamisha minara ya saketi mbili ukafunga nyaya za saketi moja, kwa milioni 24. Mitambo ikimiminika A, njia kamili inaokoa milioni 90 na ile nusu 62. Faida halisi 59 na 38. Hali ikibaki kama ilivyo, zinaokoa 50 na 40. Faida 19 na 16. Mtu akijenga mtambo wa gesi hukohuko B, zote zinaokoa 5 tu. Hasara 26 na 19. Kwa kila senario pima majuto, yaani umbali wako kutoka kwenye uamuzi ambao ungekuwa bora kama ungejua. Usipojenga, majuto makubwa kabisa ni 59. Njia kamili, 26. Minara ya mbili na nyaya za moja, 21. Njia kamili inashinda katika senario mbili kati ya tatu, lakini anayeogopa kukosea vibaya atachagua ya tatu. Na bado hatujaingiza thamani ya kuweza kufunga saketi ya pili baadaye, bila kurudi kutafuta mkuza wala kulipa fidia upya.

Ndivyo ilivyofanyika Panhandle. Sehemu ya pete ya kV 345 ilijengwa kwa minara ya saketi mbili ikiwa na moja tu. Ya pili ilifungwa 2018, upepo ulipokwisha kufika. Kwa Afrika Mashariki, ambako kupata mkuza ndiyo kazi ndefu kuliko ujenzi wenyewe, naona chaguo hili linastahili kuwa la kwanza kupimwa kila mara.

Kosa la pili ni zito zaidi na halionekani kwenye majedwali. Mpangaji anaendesha modeli yake mara mbili, bila njia na kwa njia, lakini orodha ya mitambo ni ileile. Haiwezi kuwa ileile. Ukiwepo uwezo wa kutoa umeme A, wawekezaji wataenda A. Usipokuwepo, watajenga B, kwa gharama kubwa zaidi, au hawatajenga. Kwa hiyo kila chaguo la njia lazima lipitie kwanza hesabu ya wapi wazalishaji watajenga wakiangalia bei za kila nodi (kituo ambako njia hukutana), ndipo uendeshe hesabu ya mwaka mzima, urudi kuona bei mpya zingewavuta wapi, mpaka orodha itulie. Mizunguko mitatu au minne hutosha.

Utajuaje mradi upi ni wa kweli? Foleni ya maombi ya kuunganishwa huwa imevimba. Mtu mmoja huomba sehemu nne akikusudia kujenga moja. ERCOT haimwingizi mzalishaji kwenye modeli ya mipango kwa sababu tu ameomba. Anatakiwa awe amesaini mkataba wa kuunganishwa, ameweka dhamana ya fedha, na ana vibali vinavyohusika. Kwa CREZ tume ilidai ushahidi wa aina hiyohiyo kwa eneo zima: mitambo iliyopo, mikataba iliyosainiwa, ukodishaji wa ardhi, amana. Dhamana hupunguza foleni kuliko barua kumi za kusisitiza.

Modeli yenyewe ni ya saa 8,760 za mwaka. Kwa kila mtambo unahitaji uwezo, kiwango cha chini cha kuwaka, ufanisi, bei ya mafuta, muda wa kuwasha, na uwezekano wa kuharibika. Kwa kila njia: riaktansi (ukinzani wake kwa mkondo geu), uwezo wa kawaida na wa dharura, kwa majira tofauti. Halafu orodha ya hitilafu ambazo mfumo lazima uzivumilie: kupotea kwa njia moja, transfoma moja, mtambo mmoja. Texas huhesabu pia saketi mbili zilizo kwenye minara ileile kwa zaidi ya nusu maili, kama mita 800, kuwa tukio moja, kwa kuwa radi au mnara ulioanguka huzichukua pamoja. Ukisahau hilo, saketi mbili za MW 600 utaziona ni salama kumbe si salama.

Takwimu za upepo na jua lazima ziwe za mwaka uleule na takwimu za mahitaji. Ukichanganya upepo wa mwaka mmoja na mahitaji ya mwingine, utapoteza uhusiano wa joto, mawingu na matumizi, na saa za msongamano zitatokea mahali pasipo.

Kabla ya kuchora njia mpya, maliza za bei nafuu. Kubadilisha nyaya na kuweka zinazostahimili joto kubwa kunaweza kukaribia kuongeza uwezo maradufu kwenye minara ileile. Kusini mwa Texas, bonde la Rio Grande, njia za kV 345 zilibadilishwa nyaya kati ya 2012 na 2015 umeme ukiwa unapita, kwa sababu eneo lile halikuweza kuvumilia kuzimwa. Zipo pia riakta za kusukuma umeme upite njia nyingine, na uwezo wa njia unaopimwa kwa upepo na joto la saa hiyo badala ya namba moja ya mwaka mzima.

Ila nyaya mpya hazisaidii njia ndefu, na hapa fizikia inawaumbua wachumi. Hesabu za soko hutumia makadirio ya mkondo mnyoofu, ambayo hayajui volteji. Njia ya kV 400 yenye impidansi ya mawimbi ya ohm 280 ina uzito asilia (mzigo ambao volteji ya njia hutulia bila msaada) wa 400 mara 400 kugawanya 280, yaani MW 571. Ikiwa ya kilomita 80 inaweza kubeba kama mara 3 ya hapo, mradi nyaya hazichemki. Kwa kilomita 320 ni kama mara 1.3. Kwa kilomita 480 ni mara moja tu. Njia ndefu huzuiwa na volteji na uthabiti, si joto. Ukiipa modeli namba ya joto kwa njia ya kilomita 430, umeipa uwezo ambao haitakuwa nao, na faida yote uliyohesabu ni hewa.

Dawa ya kawaida ni kapasita za mfululizo, vifaa vinavyopunguza riaktansi, katikati ya njia. Texas ilijifunza hatari yake Oktoba 2009 kusini mwa jimbo: hitilafu iliondoa njia moja, mashamba ya upepo yakabaki yananing'inia kwenye njia moja yenye kapasita hizo, mkondo ukaanza kuyumba kwa masafa ya chini ya yale ya gridi, ukakua ndani ya muda mfupi sana, mitambo na kapasita vikaharibika. Tangu hapo hakuna anayepanga kapasita za mfululizo karibu na upepo bila kupima kila hitilafu inayoweza kuubakiza mtambo peke yake na kapasita.

Na Panhandle kulikuwa na tatizo jingine: njia nyingi, mitambo yote ya kielektroniki, hakuna mashine kubwa inayozunguka karibu. Mfumo wa namna hiyo una nguvu ndogo ya shoti (mkondo mdogo wakati wa hitilafu, dalili ya volteji dhaifu), na vidhibiti vya mitambo hugombana. Ilibidi ziongezwe mashine mbili zinazozunguka bila kuzalisha, MVA 175 kila moja, mwaka 2018, ili umeme utoke. Bajeti yenu ya njia kwenda eneo la upepo iwe na mstari huo tangu mwanzo.

Kuhusu nani alipe, Texas ilichagua utaratibu rahisi. Mzalishaji alilipia muunganiko wake mpaka kituo, na yote yaliyobaki yakagawiwa watumiaji wa jimbo zima kwa tozo ya aina moja bila kujali umbali, kwa kadiri ya matumizi yao katika dakika za kilele za Juni, Julai, Agosti na Septemba. Uzuri wake ni kwamba hakuna kesi ndefu ya nani anafaidika. Ubaya wake, mzalishaji hahisi gharama ya kujenga mbali, na viwanda vikubwa hujifunza kukisia kilele na kuzima mashine dakika hizo, mzigo ukahamia kwa wengine. Mwaka 2023 sheria iliamuru uwekwe ukomo wa gharama ya kumuunganisha mzalishaji itakayobebwa na watumiaji, na kinachozidi akilipe mwenyewe.

Sasa turudi kwetu, maana si kila kitu cha Texas kinahamishika. Kenya ilipata funzo la muda kwa namna ya wazi kabisa. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365 ya kW 850, jumla MW 310. Ulikuwa umesimama tayari 2017. Njia ya kV 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, kama kilomita 430, ilikamilika Septemba 2018, baada ya mkandarasi wa kwanza kufilisika na mivutano ya mikuza. Mkataba ulimlinda mzalishaji, kwa hiyo umeme ambao haukuweza kufika ulilipiwa. Mzalishaji na mwenye njia wakiwa mikono tofauti, tarehe ya njia ni hatari ya kifedha yenye bei. Iandike kwenye tathmini: kila mwezi wa kuchelewa ni kiasi gani, na nani anakibeba.

Jambo linalowapotosha wapangaji wetu zaidi ni mikataba ya ununuzi wa umeme. Tuseme mtambo wa mafuta wa B unauza kwa dola 140 kwa MWh, lakini 60 kati ya hizo ni malipo ya uwezo ambayo mnunuzi analipa mtambo uwake usiwake. Njia mpya haiokoi 140. Inaokoa 80, mpaka mkataba uishe. Nimesoma tathmini zilizotumia bei yote ya mkataba, na njia ikaonekana kujilipa kwa miaka michache. Tumia gharama inayoepukika tu, na weka tarehe ya mwisho ya kila mkataba kwenye modeli, kwa sababu siku hiyo thamani ya njia hubadilika ghafla.

Kwa njia za kuvuka mipaka, tofautisha aina mbili. Ile ya Ethiopia na Kenya, Wolayita Sodo hadi Suswa, ni ya mkondo mnyoofu, kV 500, zaidi ya kilomita 1,000, uwezo MW 2,000: mwendeshaji anaweka kiasi na ndicho kinachopita. Ile ya Isinya hadi Singida ni ya mkondo geu, na umeme wake hugawanyika kwa riaktansi, haujui mkataba umesema nini. Pete za nchi kadhaa zikifungwa, jambo hili litakuwa kubwa. Chukua njia ya kwanza yenye ukomo wa MW 300. Ongeza ya pili sambamba, dhaifu, riaktansi mara mbili, ukomo MW 80. Theluthi mbili zinapita ya kwanza na theluthi moja ya pili, kwa hiyo ya pili inajaa jumla ikifika MW 240. Ulikuwa na 300, umejenga, sasa una 240. Kila njia mpya ndani ya pete ipimwe kwa uwezo wa mfumo mzima kabla na baada yake.

Kama unataka kuanza wewe mwenyewe, PyPSA ni programu huria na inatosha. Tengeneza modeli ya nodi 30 hadi 50, usianze na kila kituo cha kV 33. Iendeshe kwanza kwa mwaka uliopita, bila njia mpya yoyote, ulinganishe mtiririko wa njia kubwa tano na matumizi ya mafuta ya kila mtambo na kumbukumbu za chumba cha uendeshaji. Tofauti ikizidi asilimia 10, rekebisha takwimu; usiongeze njia. Kisha toa saa 50 zenye msongamano mkubwa zaidi na uzisome moja moja. Mara nyingi utakuta robo yake zilitokea transfoma ileile ikiwa kwenye matengenezo wakati wa kiangazi, na hizo zinatibiwa kwa kuhamisha ratiba ya matengenezo kwenda mwezi wenye mahitaji madogo.